Teke la Bunduki Nyepesi

Simu ya shule ilimkuta Kemunto na vidole vimejaa gundi. Aliitazama ikitetemeka juu ya meza ya kazi, kati ya vipande vya ngozi, akajua kabla hajaigusa. Shule haipigi simu saa tano asubuhi kumsifu mtoto.

Mwalimu alizungumza polepole, kwa ile sauti laini ambayo Waingereza huitumia wakiwa na neno zito. Wasichana walikuwa na somo la kuogelea. Cheryl alionekana na alama kwenye bega la kulia, damu imevilia, rangi ya biringanya, ndefu kama kiganja, na upande mmoja umenyooka kama umechorwa kwa rula. Cheryl alisema ameanguka kwenye ngazi. Lakini mtu akianguka kwenye ngazi, mwalimu alisema, hapati alama ya namna ile. Kwa hiyo shule ilikuwa imefanya kile ambacho sheria inailazimisha kufanya. Ofisa wa ustawi wa watoto angefika nyumbani kesho saa kumi jioni.

"Sawa," Kemunto akasema. "Asante."

Kwa nini alishukuru, hakujua. Alikaa pale na simu mkononi hata gundi ikamkaukia vidoleni.

Karakana ile ilikuwa katika mtaa wa mafundi wa bunduki, karibu na katikati ya jiji la Birmingham. Zamani mtaa mzima uligonga vyuma kutwa kucha. Mwaka huu wa 2018 walikuwa wamebaki mafundi wachache, na mmoja wao alikuwa Sukhdev, Singasinga wa miaka sitini na minane aliyezaliwa Kisumu, mtoto wa seremala wa mabehewa ya reli. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kisumu ya zamani, hakikupauka hata kidogo.

Kemunto aliingia pale miaka saba nyuma kama mfagiaji. Alikuwa ametoka Kisii, darasa la saba lilimshinda kwa karo, akajifunza kushona viatu na mikoba ya ngozi kwa mjomba wake kabla ya kuolewa na Barnabas na kumfuata Uingereza. Siku moja, akifagia, alimwona Sukhdev akihangaika kuvika ngozi kwenye mto wa mpira, ule unaofungwa nyuma ya kitako cha bunduki ili kupokea mshtuko. Ngozi ilikuwa inajikunja pembeni. Kemunto aliweka ufagio chini, akamnyang'anya ile ngozi kwa adabu, akailowesha, akaivuta. Haikuwa na kunyanzi hata moja. Tangu siku hiyo hakushika tena ufagio. Mito yote ya ngozi iliyotoka karakana ile ilikuwa ya mkono wake, na kuna wateja walioitambua kwa kuipapasa tu.

"Mama Cheryl." Sukhdev aliinua uso kutoka kwenye randa. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Mzee."

"Basi kwa nini una sura ya ndizi iliyochemshwa mara mbili? Mkisii bila kelele ni mgonjwa."

Siku nyingine angemjibu kwamba Kalasinga asiyejua matoke anyamaze. Leo yote yakamtoka kwa mpigo mmoja.

Jumapili, Cheryl alikuwa amekwenda na Sukhdev kwenye klabu ya shabaha nje ya mji. Hilo halikuwa jambo geni. Mtoto alikuwa na miaka kumi na minne, mwanachama wa klabu, jina lake limeandikwa, na mwaka mzima alikuwa akipiga shabaha kwa bunduki ndogo isiyomtikisa hata kuku. Lakini Jumapili hiyo alijaribu bunduki ya kuwindia. Mkulima mmoja wa mpakani mwa Welisi alikuwa ameagiza bunduki nyepesi kwa ajili ya binti yake, apande nayo vilima bila kuchoka, na Cheryl alikuwa na kimo kilekile. Sukhdev alitaka kuona inavyomkaa mtoto kabla ya kukata kitako.

Jioni, Kemunto alimwona Cheryl akivua sweta kwa mkono mmoja. Alipoliona lile bega, alimvuta karibu na taa.

"Ni bunduki tu, Mum," Cheryl alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Iliruka."

Kemunto hakulala mpaka alipompigia simu Mama Xavier, mwenzake wa kanisani kule Northfield, ambaye ameishi nchi hii miaka ishirini na anajua mambo.

"Usithubutu kutaja bunduki!" Mama Xavier alipiga ukelele. "Mtoto mweusi na bunduki nyumba moja? Watakuja na polisi mlango mzima. Unamkumbuka yule dada wa Moseley? Watoto wawili walichukuliwa kwa sababu ya kofi. Kofi, Mama Cheryl! Mwambie aseme ameanguka. Kuanguka hakuna kosa."

Wakenya wote aliowajua walikuwa na hadithi moja kama hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona yule dada kwa macho. Lakini hofu haitafuti ushahidi. Barnabas alikuwa Kisii mwezi wa tatu sasa, anamuuguza mama yake. Nyumbani walikuwa wawili tu, mama na binti. Kwa hiyo Kemunto alimketisha mtoto kitandani akamfundisha ngazi: ngazi ya tatu kutoka chini, soksi iliteleza, bega likagonga mbao.

"Lakini inaruhusiwa," Cheryl alisema.

"Nyamaza. Ukiulizwa, umeanguka."

Sukhdev alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaivaa tena.

"Kwanza, mimi sikujua kama aliumia hivyo. Lilimuuma, ndiyo, lakini aliniambia yuko sawa. Mtoto wako ana kiburi kama wewe." Aliinua kidole cha pili. "Pili. Wewe mama, umeficha bunduki, ukawaonyesha fimbo."

"Fimbo gani?"

"Alama iliyonyooka kwenye bega la mtoto. Ukiondoa bunduki, inabaki nini? Mtu aliyeshika fimbo. Na nyumbani mko wangapi?"

Kemunto alishika meza. Hilo hakuwa ameliona. Siku zote aliogopa wasije wakaiona bunduki, na hakuogopa hata kidogo kwamba watamwona yeye.

Sukhdev alifungua kabati la chuma, akatoa ile bunduki, akaikagua kama haina risasi, akaikagua tena, akamkabidhi. Ilikuwa nyepesi mno, kama mwiko wa ugali wa sherehe. Alikuwa ameishika mara nyingi akiivika ngozi, lakini leo aliitazama kama anayemtazama mgeni aliyelala nyumbani kwake akaiba.

"Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma," Sukhdev alisema. "Nzito inasukuma. Hii nyepesi inapiga teke. Na kitako ni kirefu, nilikiacha cha mtu mzima. Mtoto amenyoosha shingo kukifikia, kwa hiyo hakikukaa kwenye nyama ya bega, kilikaa kwenye mfupa, hapa juu. Hilo ni kosa langu. Lakini mto ulitakiwa umsaidie. Ule mpira ni laini, niliuchagua mwenyewe."

Kemunto aliubonyeza mto kwa kidole gumba. Haukubonyea. Aliubonyeza kwa vidole viwili, akiegemeza uzito. Ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu cha polisi.

Akajua. Aliukumbuka mchana ule alipouvika. Alitaka uwe mzuri kuliko yote, kwa vile ulikuwa wa mtoto wa kike. Aliivuta ngozi mpaka ikang'aa, akaifunga, akaipaka dawa ya kuzuia maji mara tatu. Alikuwa ameiwamba kama ngozi ya ngoma. Chini yake mpira ulikuwa umekabwa, hauna pa kupumulia. Mto ule ulikuwa pambo tu. Na pambo hilo lilikuwa limempiga mwanawe begani mara sita mfululizo.

"Mzee," alisema, "ni mimi niliyempiga."

"Hayo usimwambie ofisa kwa maneno hayohayo," Sukhdev alisema upesi.

* * *

Asubuhi ya Jumatano Kemunto alimwambia Cheryl aseme ukweli.

"Upi?" mtoto aliuliza, mdomo umejaa mkate. "Wa Jumapili au wa Jumanne?"

Siku nyingine angepata jicho la kumtosha wiki nzima. Kemunto aliinamisha macho. Hata kumtazama mtoto wake vibaya sasa aliogopa.

Ofisa alifika saa kumi kasoro dakika mbili. Jina lake Darshana, mwanamke kijana mwenye begi la mgongoni, viatu vimelowa kwa mvua ya Soho Road. Alivivua mlangoni bila kuambiwa, na Kemunto hakujua kama hiyo ni heshima au mtego. Darshana alitazama sebule. Alitazama ngazi. Alizitazama muda mrefu, na Kemunto alizitazama naye: zilikuwa na zulia nene kutoka juu mpaka chini.

"Ningependa kuzungumza na Cheryl peke yake," Darshana alisema.

Mlango ulifungwa. Kemunto alisimama jikoni, maji yakachemka, akayazima, akayachemsha tena. Ukuta ulimpitishia sauti bila maneno. Sauti ya Darshana, ndefu. Sauti ya mtoto, fupi. Kisha kimya. Je, kama Cheryl ameshikilia ngazi? Alimfundisha vizuri mno. Mtoto wa Kikisii akiambiwa neno na mama yake analibeba mpaka mwisho, hata likimchoma.

Alipoitwa, Darshana alikuwa na daftari magotini.

"Cheryl ananiambia ilikuwa bunduki. Jana aliiambia shule ngazi. Unanielewa nikisema nina hadithi mbili?"

"Ya ngazi ni yangu," Kemunto alisema. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, kigumu kidogo, lakini hakuyumba. "Nilimfundisha mimi. Yeye hakutaka. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Kalamu ya Darshana ilisimama.

Kemunto alieleza kila kitu, karakana, mkulima, klabu, kitako kirefu. Alipofika kwenye mto alisita, akamkumbuka Sukhdev, kisha akasema hivyohivyo: mto ule niliushona mimi, niliukaza kupita kiasi, ndio uliomuumiza. Darshana aliandika yote bila kuinua uso. Halafu aliomba namba ya simu ya klabu, akatoka nje kwenye ngazi za mlango kupiga, mlango ukiwa wazi nusu.

Kemunto na Cheryl walikaa kwenye kochi moja bila kugusana. Zilipita dakika kumi, labda zaidi.

"Mum," Cheryl alinong'ona, "mguu wako unagonga meza."

Darshana alirudi. Klabu, alisema, huandika kila mpigaji, kila bunduki na kila risasi. Katibu alikuwa amemsomea mstari wa Jumapili: Cheryl, risasi sita, alisimamishwa na msimamizi kwa maumivu ya bega, mlezi hakupigiwa simu kwa sababu mtoto alikataa. Hapo Cheryl alianza kulitazama zulia kama hajawahi kuliona.

Kwa hiyo yalikuwa yameandikwa. Siku zile mbili ambazo Kemunto alikuwa akijenga ngazi ya uongo, ukweli ulikuwa umelala kwenye daftari la watu, na sahihi chini yake.

"Leo sitamchukua mtu," Darshana alisema. "Lakini sifungi faili. Mzazi anayemfundisha mtoto kudanganya kuhusu jeraha, siwezi kumwacha tu. Nitarudi baada ya wiki mbili. Nitaliona tena bega. Ikiwa kutakuwa na alama mpya, yoyote ile, tutakuwa na mazungumzo ya aina nyingine."

Mlango ulipofungwa Kemunto aliketi kwenye ngazi.

"Bunduki basi," alisema. "Umemsikia. Hutaigusa tena."

Cheryl alisimama mbele yake, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijibu kwa Kiswahili, kibovu lakini kilichonyooka. "Mum, nikiacha sasa, yeye atafikiri hakuna bunduki. Atafikiri sisi tumeongopa mara mbili."

"Na ukipata alama nyingine?"

"Si uitengeneze," Cheryl alisema. "Wewe si fundi?"

* * *

Sukhdev alichonga kitako kingine, kifupi kwa vidole viwili na nusu. Kabla ya kukata, Kemunto alimpima mtoto mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani, kutoka kwenye kiwiko kilichokunjwa hadi ncha ya kidole, kama anayempimia gauni. Nyuma ya kitako waliweka mpira mnene, laini, mtupu. Sukhdev alimuuliza kama atauvika hata ngozi nyembamba.

"Hata uzi mmoja sitii," Kemunto alisema.

Mbele ya mtutu Sukhdev aliongeza kipunguza sauti, bomba zito la chuma. Alisema litakula kelele na kuushusha mdomo wa bunduki usiruke, na kwamba nusu ya hofu ya mtoto huingilia masikioni. Alitafuta pia risasi zenye baruti kidogo. Bunduki ikaongezeka uzito kiasi, na Sukhdev alinung'unika kwamba mkulima atalalamika.

"Alalamike," Kemunto alisema. "Vilima havina ofisa wa watoto."

Siku ya wageni kwenye klabu ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili. Ilibaki siku nne Darshana arudi. Kemunto alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Uwanja ulikuwa wa majani mafupi, kilima cha udongo mwisho wake, watu wanazungumza kwa ishara kwa sababu ya viziba masikio. Msimamizi, Mwingereza mrefu mwenye uso wa mbuzi mpole, alimpa mkono na kumwomba radhi kwa ile simu ambayo hakupigiwa.

"Anza na mimi," Kemunto alimwambia Sukhdev.

"Wewe?"

"Na uweke kile kitako cha kwanza. Na mto wangu."

"Una wazimu, mama. Kile nimekileta nimwonyeshe katibu tu."

"Vinafungwa kwa skrubu mbili, nimekuona ukifanya. Mtoto alipigwa sita. Mimi nipige tatu. Siwezi kukaa mbele ya yule mwanamke nikamwambia kitu nisichokijua."

Sukhdev alimtazama msimamizi. Msimamizi aliinua mabega. Mgeni ana haki ya kupiga, mradi yeye asimame karibu. Skrubu zilifunguliwa, zikafungwa.

Walimketisha kwenye benchi, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, vidonge vya sponji ndani ya masikio na viziba juu yake. Alibonyeza kifyatulio kama alivyoelekezwa, polepole.

Ilikuwa kama mlango wa chuma umefunguliwa na mtu mwenye hasira, na bega lake ndilo lilikuwa kizuizi. Machozi yalimtoka, si ya kilio, yalitoka tu yenyewe. Alipiga ya pili. Kabla ya ya tatu mwili wote ulikuwa umekwisha jikaza, macho yamejifunga, na risasi ilikwenda kwenye udongo mbali na karatasi. Na mwanawe alikuwa amerudia hilo mara sita, akasema yuko sawa.

Walibadilisha kitako. Msimamizi alimwambia safari hii asimame, aegemee mbele kidogo, aivute bunduki kwenye shimo la bega na asiache nafasi. Bega lilikuwa linawaka. Kemunto alisema sala fupi ya Kikisii, akafyatua. Bunduki ilimsukuma kama mtu anayempita kwenye mlango mwembamba akisema samahani. Alipiga mbili zaidi kuhakikisha. Maumivu yalikuwa yaleyale ya mwanzo. Hayakuongezeka.

"Njoo," akamwambia Cheryl.

Lakini mwili wa mtoto ulikuwa bado na kumbukumbu. Msimamizi alimpakilia yeye mwenyewe, akichanganya risasi za kweli na ganda tupu moja bila kumwambia lipo wapi, aone kama mtoto atajikaza kabla ya mlio. Lilipofika lile tupu, kifyatulio kililia tu, lakini mtutu ulizama chini na bega likaruka nyuma, kama limepigwa na bunduki ya Jumapili ile. Cheryl aliona aibu. Hakuna aliyecheka. Alivuta pumzi, akajaribu tena, na tena. Kemunto alisimama nyuma yake, hatazami karatasi. Alitazama lile bega tu. Mara ya nne lilipokuja ganda tupu, mtutu ulikaa palepale, hata nzi angetua juu yake.

Nyumbani alimvua mtoto sweta kabla hata ya kufunga mlango vizuri. Alama ya kwanza ilikuwa imebaki kivuli cha manjano. Mpya haikuwapo. Asubuhi iliyofuata alitazama tena, na kesho yake, na kesho yake, mpaka Cheryl akasema, "Mum, niache ngozi yangu ipumue."

Jumatano Darshana alikuja, akavua viatu, akazungumza na Cheryl peke yake. Safari hii sauti ya mtoto ndiyo ilikuwa ndefu, na mara moja kikasikika kicheko. Alipotoka alikuwa ameliona bega. Kemunto alimmiminia chai, na birika likamshinda katikati, akalihamishia mkono wa kushoto.

Darshana aliliona hilo. Kazi yake ilikuwa kuona.

"Bega lako lina nini?"

Neno ngazi lilipita akilini mwa Kemunto upesi, lenyewe, kama paka anayekatiza jikoni. Aliweka birika chini. Alifungua vifungo viwili vya juu vya blauzi, akavuta kitambaa pembeni. Alama ilikuwa pana, rangi ya biringanya, na upande wake mmoja ulikuwa umenyooka.

"Bunduki," alisema. "Kitako cha kwanza. Mara tatu. Imeandikwa kwenye daftari la klabu."

Darshana aliitazama ile alama kwa muda, kisha akamgeukia Cheryl. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Cheryl alisema. "Na hata moja haikupata karatasi."

Darshana alifungua faili, akaandika mistari mitatu au minne, akatia tarehe. Alilifunga, akalitia ndani ya begi na kuvuta zipu. Kisha akaomba sukari.